Barza ibaki wazi kwa kila mtu

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa barza, wakuu wa familia zilizohama na familia zinazozipokea, Masisi na Walikale.)



Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja. Wengine mmetembea tangu alfajiri kwenye matope, na tunajua kwamba siku ya shamba ikipotea hairudi. Kwa hiyo tutasema yale tuliyoitiwa, kisha tutawaachia nafasi, kwa sababu haitafaa tuzungumze juu ya kusikilizana huku tukishika neno sisi peke yetu mpaka jioni.

Tumeombwa tuseme juu ya barza: namna ya kuifanya ibaki mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuleta neno lake na kupata jibu bila kutukanwa. Kuna watakaoona kwamba hilo ni jambo dogo wakati familia haina shitingi na watoto hawana shule. Sisi tunaona vingine. Februari 2025 kambi zilizoizunguka Goma zilifungwa, na watu wengi wa Masisi walirudi kwa haraka, wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wengi walikuta nyumba imebomolewa. Wengine walikuta shamba linalimwa na mtu mwingine, ambaye naye alikimbia kwake na hana pa kwenda. Mmoja ana karatasi, mwingine ana kumbukumbu ya babu yake, wa tatu ana njaa na mbegu tayari ardhini. Watu hawa watatu wasipokuwa na mahali pa kuketi na kusemezana, kila mmoja atamtafuta mwenye bunduki amsemee. Ndiyo sababu tunasema barza ni jambo la uhai.

Neno lenyewe mnalijua kuliko sisi. Barza ni pale mbele ya nyumba, chini ya paa lakini nje ya mlango. Anayepita njiani anaweza kusimama, kusalimu, kuuliza na kujibiwa. Hata hivyo tusiipambe sana barza ya zamani. Ilikuwa ya wanaume, vijana walikaa nyuma wakinyamaza, na mama walisikia uamuzi jikoni. Tunachotaka kukilinda ni ule uwazi wake, na ikiwezekana kuupanua.

Nchi hii imejifunza kwa gharama kubwa kitu kinachotokea mazungumzo yakifungwa. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, hapa Walikale, na moto ule ukavuka mpaka Masisi. Ndani ya miezi michache maelfu walikufa na watu wapatao 250,000 walihama. Wazee mnakumbuka kwamba ile haikuanza na panga. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, maswali ya ardhi, ya uraia na ya nani atawale yalikuwa yanasemwa kila upande peke yake: katika mikutano ya siri na katika mashirika ya kabila moja. Kila upande ulikuwa na mkutano wake ambao upande wa pili haukuweza kuingia na kusema, "Hapana, mambo hayakuwa hivyo."

Lakini mkumbuke pia kilichofuata, kwa sababu hicho hakisimuliwi vya kutosha. Kuanzia Novemba 1993 wakuu wa jadi, makanisa na mashirika ya raia walianza kuketi pamoja katika siku za mazungumzo, na mwanzoni mwa 1994 utulivu ulikuwa umeanza kurudi. Wakulima walianza kurudi kwenye vilima vyao. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka, wakiwemo wanajeshi na wanamgambo wenye silaha, na kazi ile ikazidiwa. Mtu asiwaambie basi kwamba watu wa Masisi na Walikale hawajui kupatana. Walipatana, na mzigo kutoka nje ukawaangukia kabla miguu ya amani haijapata nguvu.

Mwaka 1998 ikaundwa Barza Intercommunautaire, iliyowakutanisha wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini. Kwa miaka kadhaa ilisaidia kuzima ugomvi mwingi, hasa pale ambapo mzee wa upande mmoja aliweza kumwita mwenzake na kumuuliza habari kabla vijana hawajachukua njia. Kufikia mwisho wa 2005, uchaguzi wa 2006 ukikaribia, ilivunjika. Siasa iliingia, kiti cha mzee kikawa kiti cha chama. Kuna jambo jingine, na hili ni maoni yetu: barza ile ilikuwa na kichwa kirefu na miguu mifupi. Mtu wa Nyabiondo, Mweso au Pinga alisikia kwamba wazee wamekutana Goma, lakini hakuwa na njia ya kupeleka swali lake, wala hakuna aliyerudi kumwambia jibu.

Mkutano wa Goma wa Januari 2008 ulikuwa hivyo hivyo kwa namna fulani. Wajumbe zaidi ya 1,000, maneno mazuri, na hati ya ahadi iliyotiwa saini tarehe 23 Januari. Kufikia Agosti mwaka ule ule mapigano makubwa yalikuwa yamerudi. Baada ya makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 zikapangwa kamati za kudumu za upatanisho katika vijiji na grupma. Mahali ambapo kamati hiyo ilikaa na watu iliwafaa, na mahali ambapo ilikuwa orodha ya majina tu ilibaki karatasi. Mwaka 2025 mmesikia redioni habari za Washington na za Doha. Tunaziombea mema. Lakini wakubwa wa Doha hawatakuja kuamua nani avune maharagwe yaliyopandwa na mtu mwingine kule kilimani. Hilo litaamuliwa na ninyi, na litaamuliwa ama kwa maneno ama kwa njia ile nyingine.

Barza hufa kwa njia mbili, na tunaomba mzitazame zote mbili, kwa sababu anayekimbia moja mara nyingi huangukia ya pili. Njia ya kwanza ni kimya. Mkuu anasema, watatu waliozoea kusema wanamuunga mkono, wengine wanapiga makofi na kurudi nyumbani na maneno yao tumboni. Mkutano kama huo unaonekana una amani. Njia ya pili ni matusi. Kila mtu anasema, lakini anasema ili kumuumiza mwenzake, mpaka watu wenye busara wanaona afadhali wabaki shambani. Wanabaki wenye sauti kubwa peke yao, na hao sasa wanajiita wananchi.

Kwanza kimya. Watu hunyamaza kwa sababu nyingi, na moja ambayo wakuu wengi hawaioni ni lugha. Sisi tunasema Kiswahili kwa sababu ni lugha ya katikati. Si ya kilima cha mtu yeyote, na hiyo ni baraka. Lakini bibi aliyezaliwa kilimani husikia vizuri Kihunde, au Kinyanga, au Kitembo, au Kinyarwanda, na Kiswahili chake ni cha soko: bei, salamu, pole. Ukimuuliza habari za mpaka wa shamba kwa Kiswahili atasema "ndiyo" ili muendelee. Halafu "ndiyo" yake inaandikwa. Kwa hiyo awepo mfasiri, na si mfasiri mmoja. Wawe wawili, wa pande mbili, mmoja afasiri na wa pili asikilize kama neno limepotoka. Mwisho aliyesema aulizwe, "Ndivyo ulivyosema?" Inachukua muda, tunakubali. Tumeona ugomvi mzito wa ardhi ukipungua nusu pale mfasiri wa pili alipoinua mkono na kusema kwamba bibi hakusema "nimempa", alisema "nimemwazima".

Vilevile daftari. Katibu anaandika Kifaransa kwa sababu ndivyo alivyofundishwa shuleni, na daftari linakwenda kwa msimamizi wa teritware na kwa mashirika. Hakuna ubaya kuwa na nakala ya Kifaransa. Lakini daftari la barza liandikwe Kiswahili chepesi na lisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kila jambo pamoja na jina la aliyechukua kazi ya kulijibu na siku atakayojibu. Jibu linaweza kuwa "bado hatujui". Watu wa Masisi na Walikale wamezoea kusubiri. Wanachochoka nacho ni kuuliza swali lile lile mara tano na kuona limepotea kama jiwe mtoni.

Saa na mahali: msiweke barza siku ya soko, wala saa ya maji, wala jioni ambapo mama ataogopa njia ya kurudi. Msiiweke karibu na barieri ya watu wenye silaha. Na hotuba za kuwashukuru wakuu zisile nusu ya jua. Tunajisemea na sisi: gari la shirika likifika, maneno hubadilika, kila mtu anakumbuka kwamba anahitaji sufuria, na jambo la ardhi linawekwa pembeni. Kwa hiyo msitungoje. Barza nyingine zifanyike bila sisi.

Juu ya mama, tupite kidogo mipaka ya nchi yetu, kwa sababu kuna mfano unaofanana na soko la Ntoto kwa upande wake mwema. Wajir ni mji wa kaskazini mashariki mwa Kenya, nchi kavu ya wafugaji Wasomali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana, na ugomvi uliingia mpaka sokoni: mama wa ukoo huu hakuuziwa na mama wa ukoo ule. Mwaka 1993 kikundi kidogo cha wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, kilikubaliana kwamba soko litakuwa la kila mtu. Waliweka mama wa koo mbalimbali wakae sokoni na kuangalia. Mtu akikataliwa kununua au kuuza, walikwenda palepale kuuliza sababu na kupatanisha. Kutoka sokoni walikwenda kwa wazee, na baadaye kwa vijana na serikali. Mwaka ule ule wazee wa koo waliandika azimio la amani. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2007, akafariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Tunachopenda katika habari hii ni kwamba hawakuanza kwa kuhubiri. Walishika mahali pamoja ambapo watu walikuwa lazima wakutane, wakahakikisha kwamba hapo hakuna anayefukuzwa.

Mama wa Mweso au wa Hombo anayepeleka ndizi na mihogo sokoni anajua habari za bonde la pili kabla ya mkuu wake. Kumwacha nje ya barza ni kuziba sikio lenu wenyewe.

Sasa matusi. Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndipo penye hatari. Tunajua kuna maneno yanayotembea katika vilima hivi, majina ya wanyama na wadudu wanayopewa watu, na maneno "wenyeji" na "wageni" yakitupwa kama mawe. Jirani zetu waliona mwisho wa njia hiyo. Redio RTLM ilianza kusikika Rwanda Julai 1993, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu, wawili kwa sababu ya redio ile na mmoja kwa sababu ya gazeti lake. Hawakuhukumiwa kwa sababu ya kushika panga kwa mikono yao. Upande mwingine, tangu Februari 2002 tuna Radio Okapi, na kipindi chake cha mazungumzo kati ya Wakongomani kimeonyesha kwamba watu wasiopatana wanaweza kuketi mbele ya kipaza sauti kimoja na kubishana, mradi kuna anayeongoza.

Kuongoza maana yake nini? Kwa maoni yetu, ni kuliondoa neno bila kumwondoa mtu. Tuseme mtu anasimama na kusema, "Watu wa kule wote ni wezi." Kuna kiongozi atakayemfukuza, na huyo mtu atakwenda kusema maneno yale yale mahali pasipo na wa kumjibu. Kuna kiongozi atakayemwacha, na waliotukanwa hawatarudi. Kiongozi mwema anamwambia: "Neno hilo hatuliandiki. Sema umeibiwa nini, lini, wapi." Labda ameibiwa kweli. Labda mbuzi wake wawili walipotea wakati wa mapigano, na hana njia nyingine ya kulia. Swali la mbuzi wawili linaweza kujibiwa. "Wote" haliwezi kujibiwa na mtu yeyote. Akikataa na kuendelea kutukana, akae nje siku hiyo, lakini aambiwe mbele ya wote kwamba kikao kinachofuata kiti chake kipo.

Na sheria hiyo iwe moja kwa wote. Kama mjukuu wa mkuu anaachwa atukane, na mkimbizi wa ndani anakatazwa hata kulalamika, hiyo si adabu tena. Tunalisema hili kwa uzito, kwa sababu katika sehemu nyingi anayeuliza habari za orodha ya msaada au za jetoni huambiwa hana heshima. Kuuliza kwa nini jina la mjane halimo katika orodha si matusi. Kubisha si matusi. Hata kusema "Mzee, kwa heshima yako, hapo umekosea" si matusi.

Uvumi nao ni mgeni wa kila barza. "Wanakuja usiku huu." "Wamegawa mashamba yetu." Msiufukuze kwa kusema ni uongo, maana mara nyingine ni kweli, na familia zilizongoja uthibitisho zimewahi kulipa. Ulizeni: nani ameona kwa macho yake? Aliyemwambia ni nani? Kama njia ni salama, tumeni watu wawili, mmoja wa kila upande, wakaone na warudi kusema mbele ya wote. Watu wawili wa pande mbili wakisema jambo moja, linaaminika kuliko tangazo letu lolote.

Kuna maneno ambayo hayafai kuletwa mbele ya watu, na uwazi usiwe kisingizio cha kumweka mtu hatarini. Mahali familia zilipojificha, majina ya vijana waliotoroka vikundi vya silaha, habari za nani alimfanyia nani vibaya kwa nguvu: hayo yasisemwe barzani. Mama au msichana aliyebakwa asiulizwe mbele ya mtu. Apelekwe kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafanya kazi ikianzwa ndani ya muda huo. Na hata saa hizo zikipita aende tu, kuna matibabu mengine. Barza inaweza kusaidia kwa kujua njia na nauli, bila kujua jina.

Kwa ajili ya wanaoogopa kusema kwa sauti, kambi nyingi ziliwekewa sanduku la maoni. Mengi yalibaki matupu, na wengine wakasema, "Tazama, watu wameridhika." Tuliuliza ufunguo uko kwa nani. Uko kwa msimamizi wa kambi, ambaye ndiye anayelalamikiwa! Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mama aliyechaguliwa na waliohama, wa pili kwa mtu wa familia zinazopokea, na lifunguliwe siku inayojulikana mbele ya mashahidi. Asiyejua kuandika awe na mtu anayemwamini wa kumwandikia. Lakini barua inayomtaja mtu kwa kosa zito isisomwe hadharani; ipelekwe kwa anayehusika. Na kama mtoa msaada, awe wetu au wa shirika jingine, anadai mwili au fedha ili jina liandikwe, mjue kwamba tangu 2003 Umoja wa Mataifa umekataza jambo hilo kwa maandishi kwa watu wake wote. Msaada hauuzwi. Malalamiko ya namna hiyo yapitie kwa shirika jingine ikiwa mnaogopa lile linalohusika.

Tunafahamu kwamba baadhi yenu mnaishi mahali ambapo mwenye bunduki anataka kukaa barzani, au anatuma mtu wa kusikiliza. Hatuwezi kuwaambia kutoka hapa namna ya kumkatalia. Wapo waliogawanya mambo: kikao kikubwa kinazungumza maji, shule na salongo, na jambo la ardhi linazungumzwa na wachache wa pande zote katika nyumba ya mtu anayeheshimiwa, kisha uamuzi unatangazwa hali ikitulia. Kikao kidogo cha namna hiyo ni cha dharura. Kikizoeleka, watu wataanza kuuliza nani amewachagua hao wachache, na watakuwa na haki.

Sisi tumemaliza. Katibu atasoma sasa maswali matatu yaliyobaki katika daftari tangu kikao kilichopita: la chemchemi inayotumiwa na kambi na kijiji, la wajane wawili ambao hawamo katika orodha, na la shamba lililopandwa maharagwe. Wafasiri wawili wasogee mbele. Tunaomba mama waliokaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, waanze.